Mgeni ni Nani Ngazija?

Nilipowaeleza wenzangu chuoni kwamba likizo yangu ya mwezi wa saba ningeitumia Ngazija, mmoja aliniuliza nani amefariki, na mwingine akauliza ninaoa kwa nani. Hakuna aliyefikiria mapumziko. Kwa Mtanzania mwenye akiba ya kutalii, kisiwa chenye joto ni Unguja, na akijiweza zaidi ni Shelisheli au Mauritius. Ngazija, ambayo kwa ndege kutoka Dar es Salaam iko karibu kuliko hivyo viwili, haimo katika hesabu.

Si kwamba hatuijui. Sheikh Ahmad bin Sumait, kadhi mashuhuri wa Unguja, alizaliwa Itsandra mwaka 1861. MOLINACO, chama kilichopigania uhuru wa Komoro, kilifanya kazi zake Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Machi 2008 askari wetu walikuwamo katika jeshi la Umoja wa Afrika lililotua Nzuani kumwondoa Mohamed Bacar. Tumewapelekea askari kabla ya kuwapelekea watalii.

Viza niliipata uwanjani Hahaya, bila masumbuko. Nasisitiza jambo hilo kwa sababu litakuwa na maana mbele. Kutoka hapo hadi Moroni barabara inafuata pwani, na kwa sehemu ndefu mgeni haoni mchanga mweupe alioahidiwa na picha, bali mawe meusi ya lava yaliyogandia ukingoni mwa bahari kana kwamba yalimwagwa juzi. Juu yake ni mlima Karthala, mita 2,361, volkano iliyo hai, ambayo mara nyingi hujifunika mawingu kabla ya adhuhuri.

Uzuri upo, tena mwingi. Lakini kilichonishika ni maji. Mvua hunyesha kwa wingi katika miteremko ya magharibi, ila mwamba huu mchanga una matundu kama sifongo, nao huyameza maji yote. Kisiwa kizima hakina mto wa kudumu. Watu wa vijijini wamejenga mabirika ya kukinga maji ya mapaa. Karthala ilipolipuka Aprili 2005, na tena Novemba mwaka huohuo, madhara makubwa hayakuwa moto. Yalikuwa majivu yaliyotua ndani ya mabirika, hata makumi ya maelfu ya watu wakakosa maji salama ya kunywa. Bibi aliyenipangisha chumba, ambaye wajukuu walimwita koko, alinikabidhi ndoo moja na kata, akanieleza kwa upole kwamba ndiyo yangu hadi jioni. Tangu siku hiyo siwezi kusoma tangazo la hoteli yenye bwawa la kuogelea, liwe la Ngazija au la Nungwi, bila kuuliza maji hayo yalikuwa yaende kwa nani.

(Niongeze hapa jambo dogo. Nilipomlipa mzee mmoja muuza vitabu, aliniambia, “Marahaba.” Nikajikuta natafuta shikamoo niliyoitoa. Kwao neno hilo ni asante.)

Ngazija imewahi kujaribu utalii wa mabwawa. Kaskazini, karibu na Mitsamiouli, ilikuwapo hoteli ya Galawa, iliyojengwa kwa mtaji wa Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo serikali ya makaburu ilikuwa imewekewa vikwazo, na pia ndiyo iliyowalipa mamluki wa Bob Denard waliokuwa wakilinda Ikulu ya Moroni. Dunia iliikumbuka hoteli hiyo Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini mbele yake. Watu 125 walikufa, na watalii waliokuwa ufukweni walisaidia kuokoa waliosalia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hoteli ikafungwa. Wakuu wa serikali wanaizungumzia hadi leo kama pepo iliyopotea. Mimi nashindwa kuilia neema iliyoletwa na mkono uleule uliowalisha mamluki.

Wageni, hata hivyo, wamejaa. Mwezi wa saba na wa nane ndege huja na Wakomoro wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille, wakirudi kwa ajili ya anda, ndoa kuu. Mwanamume asiyefanya anda, hata awe profesa, hana sauti kamili katika bangwe, uwanja wa wazee. Akishaifanya anakuwa mdru mdzima, nasi tuseme mtu mzima. Huhitaji kamusi. Kwa hiyo mtu huosha vyombo Ulaya miaka kumi na mitano, akarudi kumaliza akiba yake kwa dhahabu, ng’ombe na mchele katika majuma mawili.

Sipendi gharama hizo, na nilibishana nazo mezani kwa koko hadi chai ikapoa. Familia zinabaki na madeni, na fedha za sherehe moja zingeweza kujenga birika la mtaa mzima. Koko alinijibu kwamba barabara ya kijiji chao na paa la msikiti wao vilitokana na michango ya anda. “Hiyo hoteli yenu,” aliuliza, “ilijenga nini?” Hoja yake ina uzito. Anayekuja kwa anda hulala kwa nduguye, hununua samaki kwa mvuvi na mkufu kwa sonara wa Moroni. Ila katika fikra za wapanga mipango yeye si mtalii, maana hakuja kustarehe, na wala haonekani mgeni.

Na kuna mahali ambapo mwenyeji huyu amegeuzwa mgeni haramu. Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte, ni kisiwa cha nne cha safu hiyohiyo ya volkano, kikongwe kuliko vyote, chenye bahari tulivu iliyozungukwa na matumbawe. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa kwa jumla vilichagua uhuru. Maore peke yake ikaukataa, na Ufaransa ikahesabu kisiwa kimoja kimoja. Mwaka 1995 ikaweka viza, na mwaka 2011 ikakifanya kuwa mkoa wake kamili. Kutoka Nzuani ni kama kilomita 70 tu. Mtalii kutoka Lyon huenda kuwatazama kasa wa Maore kwa kitambulisho chake. Mtu wa Nzuani anayetaka kumzika shangazi yake hupanda mtumbwi wa usiku. Mitumbwi hiyo huitwa kwasa-kwasa, kwa jina la ile ngoma ya Kongo tuliyoicheza ujanani, kwa jinsi inavyotikisika. Maelfu wamezama humo.

Mwaka 2018 ardhi ya Maore ilianza kutetemeka, na mwaka uliofuata wanasayansi wakakuta volkano mpya imezaliwa chini ya bahari, kilomita 50 mashariki yake, ikiwa na kimo cha mita 800 na zaidi. Kisiwa kilizama sentimita kadhaa na kusogea upande wa mashariki. Ufaransa ililazimika kukipima upya.

Katika ndege ya kurudi Dar es Salaam, watu wengi walikuwa na bahasha kubwa za picha za eksirei mapajani. Mama wa Nzuani aliyeketi kando yangu alikuwa akienda kutibiwa moyo. Nikamuuliza kwa nini asiende Maore, ambako ni karibu zaidi.

“Baba,” alinijibu, “kule mimi ni mgeni.” Kisha akaniuliza kama kutoka uwanjani hadi Muhimbili kuna daladala, au itamlazimu kukodi teksi.