Barua kwa Mpwa Anayeingia Katika Fani ya Mitindo

Kwa mpwa aliye mwaka wa mwisho wa masomo ya ubunifu wa mavazi,

Utarajali, yaani kipindi ambacho mwanafunzi au mhitimu hufanya kazi katika kampuni ili ajifunze, mara nyingi kwa posho ndogo au bila malipo yoyote, ni mlango wa kawaida wa kuingilia fani ya mitindo, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu ya mavazi hukaa mikononi mwa mafundi na haipatikani yote darasani. Kwa hiyo shauku ya mpwa ya kwenda kuwa mtarajali London au New York haina kosa. Kinachopaswa kupimwa ni kazi atakayokabidhiwa huko na nani hasa atanufaika nayo.

Manufaa yapo, na mengine ni makubwa. Sarah Burton aliingia katika karakana ya mbunifu Alexander McQueen mwaka 1996 akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha Central Saint Martins, akaajiriwa alipohitimu, na mwaka 2010, baada ya kifo cha McQueen, akakabidhiwa uongozi wa ubunifu. Gauni la harusi ya Kate Middleton la mwaka 2011 ni kazi yake. McQueen mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka 16, akaenda kuwa mwanagenzi, yaani mwanafunzi wa ufundi anayefunzwa kwa muda mrefu chini ya mafundi, kwa washona suti wa Anderson & Sheppard katika mtaa wa Savile Row. Wengi husifu ujasiri wa mavazi yake na kusahau kwamba ujasiri huo ulisimama juu ya mkato sahihi wa koti, ambao haujifunzwi kwa kutazama picha. Mtarajali aliyebahatika huona jinsi kiolezo, yaani karatasi iliyokatwa kwa vipimo ili kuongoza mkasi, kinavyorekebishwa mara kadhaa. Huona vazi la majaribio likishonwa kwa marikani kabla ya hariri ya bei kubwa kuguswa. Na hujifunza kufumua alichoshona bila kununa, jambo ambalo vyuo vingi havina muda wa kulifundisha.

Hata hivyo, kuna utarajali usiofundisha chochote zaidi ya kubeba mifuko ya nguo, kuchukua kahawa na kurudisha sampuli kwa wenyewe. Mwaka 2012 aliyekuwa mtarajali wa jarida la Harper's Bazaar aliishtaki kampuni ya Hearst, wachapishaji wa jarida hilo, akidai ujira, na mwaka uliofuata Condé Nast, wachapishaji wa Vogue, nao wakashtakiwa. Condé Nast walifuta mpango wao wa utarajali, kisha mwaka 2014 wakakubali kulipa dola milioni 5.8 ili kuimaliza kesi; Hearst, kwa upande wao, walishinda mahakamani. Kipimo kinachotumiwa na mahakama za Marekani katika mashauri ya namna hiyo ni kuuliza nani mnufaika mkuu wa uhusiano huo, mtarajali au kampuni, na swali hilo linamfaa mpwa hata kabla ya kufika mbele ya wakili.

Sheria hutofautiana. Uingereza, mtarajali anayefanya kazi halisi ya mfanyakazi anastahili kima cha chini cha mshahara, isipokuwa mwanafunzi wa chuo ambaye mafunzo hayo ni sehemu ya masomo yake na hayazidi mwaka mmoja. Ufaransa, mafunzo yanayozidi miezi miwili ni lazima yalipiwe, na chuo, kampuni na mwanafunzi husaini mkataba mmoja. Lakini sheria hailipi pango. Utarajali usio na ujira katika miji ghali huchuja watu kwa mifuko ya wazazi wao, kisha fani hiyo hiyo hushangaa kwa nini wabunifu wake wanafanana (mshangao usio wa kweli sana).

Kwa sababu hiyo, karakana ndogo yenye mkata nguo mmoja hodari na mwenye subira inamfaa mpwa zaidi kuliko jina kubwa ambalo atalitaja tu katika wasifu wake, na karakana ya namna hiyo inaweza kupatikana hata Kariakoo. Kabla ya kusaini popote, aulize kwa maandishi atakuwa chini ya nani, atagusa kitambaa siku ngapi kwa wiki, na michoro atakayochora humo itakuwa mali ya nani, kwani baadhi ya mikataba huikabidhi yote kwa kampuni. Majibu hayo yakifika, ayatume nyumbani pamoja na makadirio ya nauli na pango, ili ukoo ujue mapema unachangia nini na kwa miezi mingapi.

Wasalaam,
Mjomba