Atarudi Kwao Lini? Ziara ya Wanafunzi Wetu Entebbe



Ndugu wazazi na wanafunzi wapendwa, kila likizo inapokaribia huwa tunaulizwa swali lile lile: kwa nini madrasa ichangishe pesa za kosta ili kuwapeleka watoto kutazama wanyama? Wengine wanaona ni mchezo tu. Wengine wana hoja nzito zaidi. Wanasema mnyama aliyefungwa amedhulumiwa, na haifai Mwislamu kulipa kiingilio ili ajifurahishe kwa dhulma. Hoja hii ya pili tunaiheshimu, na ndiyo tunayotaka kuizungumza hapa.

Tuanze na hali yetu. Kisugu imejaa. Watoto wanacheza mpira njiani, wakisikia honi ya bodaboda wanakimbilia kando, kisha wanaendelea. Ndege wanaowajua zaidi ni kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara wanaosimama juu ya taka, na wengi wakimwona kaloli mkono unatafuta jiwe. Si kwamba wana roho mbaya. Hawajapata nafasi ya kumtazama kiumbe kwa utulivu. Darasani tunawasomesha kwamba Mwenyezi Mungu (SW) amewataja wanyama na ndege kuwa ni umma kama sisi. Tunawasimulia pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Watoto wanahifadhi vizuri, alhamdulillah. Lakini kuhifadhi ni jambo moja, na kuona kwa macho ni jingine.

Mahali tunapowapeleka ni Entebbe, kama kilomita 40 kutoka Kampala, kwenye kituo cha elimu ya uhifadhi wa wanyamapori kilicho kando ya Ziwa Victoria. Watu wengi bado wanakiita zuu. Kwa asili kilianzishwa mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima na waliojeruhiwa. Baadaye kikawa zuu ya kawaida, na tangu 1994 kazi yake kubwa ni elimu na uokoaji.

Katika ziara moja tulisimama mbele ya sokwe. Mlezi wao alikuwa akieleza jinsi wengi wao wanavyofika: mama ameuawa na wawindaji, mtoto amechukuliwa ili auzwe. Mwanafunzi wetu mmoja, ambaye familia yake ilikimbia vita mashariki mwa Kongo, akauliza, "Ustadh, huyu atarudi kwao lini?"

Wazazi tuliokuwa nao wakanyamaza. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na hapa Kisugu zipo nyumba ambazo swali hilo linaulizwa kila siku, na wala si kwa ajili ya sokwe.

Tulimwomba mlezi ajibu kwanza, naye alijibu kwa ukweli. Wapo wanaorudi, alisema. Kakakuona akiokolewa mikononi mwa wafanya magendo, hutibiwa, na akipata nguvu huachiliwa porini. Wapo wasioweza kurudi. Sokwe mdogo hunyonya na kubebwa na mama yake kwa miaka minne au mitano, na kwa mama ndiko anakojifunza chakula, njia na hatari. Ukimtupa msituni peke yake hatajua la kufanya, na sokwe wenyeji wa msitu huo wanaweza kumuua. Kwa ajili ya hao, mwaka 1998 makao yalifunguliwa katika kisiwa cha Ngamba, kilomita 23 kwa boti kutoka Entebbe. Mchana wanazunguka msituni, jioni wanarudi kulala mabandani.

Na wapo waliorudi kupitia kizazi kingine. Vifaru waliisha kabisa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa bunduki za majangili na vurugu za vita. Mwaka 2005 vifaru wanne waliletwa kutoka Kenya mpaka hifadhi ya Ziwa huko Nakasongola, na mwaka 2006 wakaongezwa wawili kutoka Marekani. Mwaka 2009 akazaliwa ndama wa kwanza.

Mtoto alisikiliza yote, kisha akatugeukia. "Ni kama Habasha?" Tulikuwa tumesoma somo la hijra ya Habasha wiki chache kabla.

Tukamwambia ndiyo, inafanana. Najashi aliwapa Waislamu amani walipokuwa hawana pa kukimbilia. Baadhi yao walirudi Makka mapema. Wengine, kama Ja'far bin Abi Talib (RA), walikaa mpaka mwaka wa 7 wa Hijra, na walipoondoka hawakurudi walikotoka bali walikwenda Madina. Ugenini hapakuwa kwao, lakini hapakuwa kifungo, kwa sababu mwenyeji alitimiza haki ya mgeni. Mtoto hakuuliza tena. Alibaki pale kwenye uzio mpaka wenzake walipoitwa kwenda kutawadha.

Basi, ndugu wazazi, jibu letu kwa wenye hoja ni hili. Anayemkamata kiumbe mzima porini ili ajifurahishe amedhulumu. Anayempokea aliyekwisha dhulumiwa na wengine, akampa chakula, maji, dawa na nafasi, huyo amebeba amana. Tunawapeleka watoto wajue tofauti ya hao wawili, na wajue wanataka kuwa nani.

Kwa ziara ijayo tunaomba mambo manne:

1. Waandikisheni mabinti pamoja na wavulana. Kazi za nyumbani zinaweza kusubiri siku moja.

2. Wafundisheni watoto kabla ya safari: hakuna kurusha chakula, kugonga uzio, wala kumkejeli mnyama.

3. Mzazi mwenye nafasi aje. Mtoto anayeuliza maswali makubwa anahitaji mtu wake karibu.

4. Mkiuziwa kasuku wa kijivu, msinunue. Biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotegwa porini imepigwa marufuku tangu 2017, na mnunuzi ndiye anayemlipa mtegaji.

Asiye na nauli aje atuone faragha, mtoto wake hataachwa. Chakula kila familia ibebe chake, na Adhuhuri tutaswali huko huko kwa jamaa, inshallah.

Wabillahi tawfiq.