Watoa Vitabu Wanapokutana

Sisi tunaotunza kabati la vitabu la parokia tumekwisha zoea swali moja. Mtu anakuja, anashika kitabu, anakigeuza-geuza, halafu anauliza: "Mwalimu, ni nani aliyechagua kitabu hiki kitiwe katika Kiswahili, na kile wanachokisoma watoto wangu katika Kifransa kisitiwe?" Wengi wanadhani ni kazi ya serikali, au ya maaskofu. Mara nyingi sivyo. Shauri lilikatwa na watu wawili waliokaa mezani nusu saa, katika mkutano wa wenye kazi ya vitabu, mbali sana na hapa. Leo tunapenda kueleza habari za mikutano hiyo, kwani tunakula matunda yake bila kuuona mti.

Mkutano ulio mkubwa kupita yote ni ule wa Frankfurt, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Main. Hufanyika kila mwaka mwezi wa Oktoba, siku tano. Si mbali na hapo, katika mji wa Mainz, ndipo Johannes Gutenberg alipopiga chapa Biblia yake ya Kilatini, karibu na mwaka wa 1455. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa habari za Gutenberg, lakini kisa kimoja hatukuambiwa. Tulikipata baadaye, nacho chatupendeza kuliko vingine vyote.

Aeneas Silvius Piccolomini, aliyekuja kuwa Papa Pio wa Pili mwaka 1458, alikuwa Frankfurt mwezi wa Oktoba 1454 kwa baraza la wakuu wa Dola. Wakati ule alikuwa askofu wa Siena. Machi 1455 alimwandikia barua Kardinali Juan de Carvajal juu ya mtu wa ajabu aliyeonekana huko. Anasema hakuona Biblia nzima, ila mafungu ya kurasa tu, yenye herufi safi hata Kardinali angeweza kuzisoma bila miwani. Wengine walimwambia kwamba zilikuwa zikipigwa chapa Biblia 158, wengine 180. Angependa kumpatia Kardinali moja, lakini alikuwa na mashaka, kwa sababu wanunuzi walikwisha kupatikana kabla kazi haijaisha.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Kitabu hakijaisha, nacho kimekwisha kupata wenyewe. Kazi ya Frankfurt ya leo imo yote ndani ya barua ile.

Maana watu wengi hufikiri kwamba mkutano wa vitabu ni soko tu, kama soko la mihogo: unaleta mzigo, unauza, unarudi na fedha. Wasomaji wa kawaida huingia Frankfurt pia, nao hununua. Lakini siku za kwanza ni za wenye kazi hasa: watoa vitabu, wakubwa wa maduka, wafasiri, wenye maktaba, na mawakili wanaosimamia waandishi. Hawa hawauziani vitabu. Wanauziana haki. Mtoa vitabu wa Dakar, kwa mfano, anamwambia mwenzake wa London: "Nakupa ruhusa kukitoa kitabu hiki katika Kiingereza, kwa miaka kadhaa, katika nchi hizi, utanipa fedha kidogo ya kutangulia, na tena fungu katika kila kitabu utakachouza." Mara nyingi kitabu chenyewe kingali katika mkono wa mwandishi. Mikutano hiyo hupangwa wiki nyingi mbele, nusu saa nusu saa, tangu asubuhi hata jioni. Aliyekuja bila kupanga atakaa katika kibanda chake akitazama watu wakipita haraka. Mwaka 2023 waliokuwa na vibanda walizidi 4,000. Katika wingi huo, asiyejulikana na mtu ni kama hayupo.

Tusifiche jambo moja la zamani. Mahali ambapo wenye vitabu wote hukutana ni rahisi pia kwa watawala kuwachungulia. Mwaka 1564 Georg Willer, mwuza vitabu wa Augsburg, alianza kutoa orodha ya vitabu vinavyopatikana Frankfurt, na orodha hiyo iliwasaidia sana wasomaji. Lakini mwaka 1579 Kaisari aliweka hapo tume ya kuangalia vitabu, na Waprotestanti ndio waliosumbuliwa zaidi. Polepole biashara ilihamia Leipzig. Ikawa hivyo mpaka Vita Kuu ya Pili. Baada yake Ujerumani uligawanyika, Leipzig ukabaki upande wa Warusi. Ndipo Septemba 1949 watoa vitabu 205 wa Kijerumani walipokusanyika tena Frankfurt, ndani ya kanisa la zamani liitwalo Paulskirche.

Sasa tuje kwa mambo ya Afrika. Mwaka 1980 mkutano wa Frankfurt uliiweka Afrika nyeusi kuwa neno kuu la mwaka, na mwaka huohuo mwanamke wa Senegal, Mariama Bâ, alipewa tuzo ya Noma, ambayo ndiyo kwanza ilitolewa. Kitabu chake kilikuwa kimetoka Dakar mwaka 1979, katika Kifransa. Ni kidogo: mjane anamwandikia rafiki yake habari za ndoa yake. Kikafasiriwa katika lugha nyingi, na kwa Kiswahili kinaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Mama wa Kiswahili asiyejua Kifransa anaweza kulia machozi juu ya mjane wa Dakar. Hatusemi kwamba kisingefasiriwa bila mkutano. Ila twasema kwamba kitabu chema kinachokaa ghalani katika mji wake hakina miguu. Watu wanaokutana ndio wanaokibeba.

Yaliyofaa zaidi, kwa mawazo yetu, ni mikutano midogo. Mwaka 1985 watoa vitabu kadhaa wa Afrika walikutana London kwa sababu ya taabu moja: vitabu vyao havikufika kwenye maktaba za Ulaya na Marekani. Kila mmoja peke yake hakuweza kulipa watu wa kuviuza huko. Katika mazungumzo hayo likazaliwa shauri la kuungana, na mwaka 1989 wakaanzisha African Books Collective, yaani ghala moja na orodha moja kwa wote, huko Oxford. Walter Bgoya wa Tanzania alikuwa mmoja wao. Harare nako kulianza mkutano wa vitabu mwaka 1983, na hapo hapo Harare, mwaka 1992, watoa vitabu wa Afrika wakaunda chama chao, APNET, ambacho kiliwafundisha wenzao kazi: kupanga bei, kusahihisha maandiko, kushika hesabu. Mkutano wa Harare ulikuja kudhoofika kwa taabu za nchi ile, na ni hasara kubwa.

Labda utasema: kupanga bei kunahitaji mkutano? Ndiyo. Mtu hujifunza seremala kwa kusimama karibu na seremala. Mwenye kutoa vitabu akiwa peke yake katika mji wake atasimama karibu na nani? Atahesabu karatasi na wino, atasahau fungu la mwenye duka, na gari, na vitabu vitakavyoliwa na mchwa. Mwenzake aliyekwisha kupata hasara ileile atamwonya wakinywa chai, wala hatamdai kitu.

Neno moja linatuuma. Wenye kutoa vitabu wa Kongo huenda zaidi kwenye mikutano ya Kifransa. Wale wa Tanzania na Kenya huenda kwenye ile ya Kiingereza. Nairobi kuna maonyesho ya vitabu kila mwaka. Lakini sisi ambao lugha yetu ni moja hatukutani kwa ajili ya lugha hiyo. Katika kabati letu vitabu vingi vya Kiswahili vimetoka ng'ambo ya ziwa, vimeletwa na msafiri katika mfuko wake, viwili vitatu. Akirudi tena, kichwa tulichokitaka kimekwisha, na bei imebadilika.

Hatuombi Frankfurt. Kibanda huko ni ghali, na chumba cha kulala ni ghali pia. Tungetosheka na siku tatu katika mji mmoja wa ziwani, watu ishirini, chai na mkate. Wa Kigoma angesema shida zake za forodha, wa Kalemie angesema watu wake wanaweza kulipa franka ngapi, na wote wangepatana ni nani atakayetoa kitabu gani ili wasitoe kimoja mara mbili. Maboti yanavuka kati ya pande hizo yakiwa na saruji na bidhaa za kila namna. Masanduku mawili matatu ya vitabu yasingeyazamisha.