Mabuti ya Kushukia Sheldrick

Baada ya sala ya Alfajiri tulivuka Likoni kwa feri, tukapanda milima ya Shimba, Kwale, akina mama na binti zetu, kuyatazama maporomoko ya Sheldrick. Maji huanguka kiasi cha mita 21. Njia ya miguu ni kama kilomita 2, mteremko wakati wa kwenda na mlima wakati wa kurudi. Askari wa wanyamapori alitutangulia na bunduki yake, kwa ajili ya ndovu.

Mwenzetu mmoja alikuwa ameazima mabuti ya bintiye, yaliyomtosha vyema sebuleni. Kwenye mteremko mguu husukumwa mbele. Vidole vyake vikagonga ncha ya kiatu hadi kucha zikavilia damu. Kurudi alipanda na soksi tupu, buibui kalikunja, nasi tumemshika mikono. Adhuhuri ilitukuta njiani.

Basi, dada zetu, mabuti hujaribiwa jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi za mchana, pamoja na soksi za safari. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino paingie kidole kimoja. Kisha yavae nyumbani wiki nzima. Mwenzetu amenunua yake, na siku hizi hupikia nayo. Mwezi ujao, inshallah, tunarudi naye Shimba.