Waliozaliwa Siku Moja



Binti yangu wa pili alizaliwa alfajiri ya tarehe 12 Julai, katika zahanati ya upande wetu wa Muleba. Nikarudi nyumbani nikiimba njia nzima kati ya migomba, kwa maana nilijua siku ile ni ya nani. Laurean Rugambwa alizaliwa Bukongo, katika wilaya yetu hii, tarehe 12 Julai 1912. Alibatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake, akapewa upadre mwaka 1943 na uaskofu mwaka 1952. Hata tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati zetu. Picha yake imetundikwa ukutani kwetu. Mtoto alipoanza kusema nikawa nampakata na kumwonyesha: "Huyu ni mwenzako wa siku."

Alipokwenda shule, mwalimu wake akamwongezea wengine, naye akawaandika katika daftari. Yumo George Eastman wa Marekani, wa mwaka 1854, aliyewawezesha watu wa kawaida kupiga picha. Huenda bila yeye ukuta wetu ungekuwa mtupu. Yumo Pablo Neruda, mshairi wa Chile, wa mwaka 1904. Lakini aliyempenda kuliko wote ni Malala Yousafzai wa Pakistani, aliyezaliwa mwaka 1997. Kardinali alifariki tarehe 8 Desemba mwaka ule ule, basi hao wawili walikaa pamoja duniani muda usiotimia miezi mitano. Tena Oktoba 2012, mwili wa Kardinali ulipohamishwa kutoka Kashozi kwenda kanisa kuu la Bukoba, ndipo Malala alipopigwa risasi ndani ya gari la shule, kwa sababu alitetea wasichana wasome. Akapona, na mwaka 2014 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, akiwa na miaka 17. Binti yangu alistaajabu sana, kwa kuwa shule ya sekondari ya wasichana anayoitamani, huko Bukoba, inaitwa Rugambwa.

Nami nikazidi kumsifia siku yake, kana kwamba siku ndiyo imfanyayo mtu. Darasani nilikuwa nikifundisha kinyume: kwamba Mtakatifu Augustino aliwajibu wanajimu kwa habari ya Esau na Yakobo, waliotoka tumbo moja siku moja, wala maisha yao hayakufanana. Nyumbani niliyasahau hayo.

Hata jioni moja, alipokuwa akimenya ndizi na mama yake, akaniuliza, "Tata, siku ile pale zahanati tulizaliwa wangapi?"

Nikanyamaza. Walizaliwa wawili. Jirani yetu alijifungua mtoto wa kiume, naye alikuwa dhaifu. Mkunga aliniita kwa kuwa mimi ni katekista, nikammiminia maji, nikambatiza Petro, jina la babu yake. Kabla ya adhuhuri akafa. Yanipasa ubatizo wa namna hii niupeleke kwa padre siku zile zile, uandikwe kitabuni. Sikuupeleka. Nilikuwa nikipokea wageni waliokuja kumpongeza baba wa mtoto wa siku ya Kardinali; baadaye nikaona haya kusema, na haya ikawa miaka kumi na miwili.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda kwa jirani, nikamweleza kosa langu. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba kila Julai humtazama binti yangu akipita kwenda kisimani, akapima kwa macho Petro angekuwa na urefu gani. Kisha akauliza kama bado anaweza kuandikwa. Tukaenda kwa padre, mimi na mkunga tukiwa mashahidi. Padre akanikemea, kwa haki, kisha akafungua kitabu akaandika. Mama yule akaomba aonyeshwe mstari wenyewe. Akaweka kidole chini ya jina, akakaa hivyo kitambo.

Niliporudi nikamweleza binti yangu yote. Akaleta daftari lake, akamwandika Petro baada ya Malala na juu ya jina lake mwenyewe, maana mkunga alisema alimtangulia kwa robo saa.