Mbwa Aliyeacha Kunguruma

Mimi ni mwalimu wa kujitolea hapa kambini Nyarugusu, nafundisha watoto wadogo. Wengi wananiita Mwalimu tu, lakini kuna wengine wananiita "ule mwalimu wa imbwa", na mwezi huu nimeona bora nieleze mwenyewe hilo jina lilitoka wapi. Ni habari yenye aibu kidogo. Lakini inaweza kusaidia nyumba yenye mbwa na hata nyumba isiyo na mbwa, kwa sababu mbwa wa jirani anaweza kumuuma mtoto wa yeyote.

Mwaka 2023 majirani zetu walipata safari ya kwenda Marekani. Walikuwa na mbwa dume wa rangi ya kahawia, jina lake Bobi. Siku ya kuondoka mizigo ilipimwa, watu wakaitwa kwa majina, na mnajua hakuna orodha ya safari inayoandika mbwa. Gari lilipoondoka Bobi alilikimbilia mpaka barabara kubwa. Jioni akarudi peke yake, akalala mlangoni pa nyumba iliyofungwa, siku tatu hakula kitu. Mtoto wao mdogo alikuwa ameniomba: "Mwalimu, utatuchungia Bobi?" Nikasema ndiyo. Ukimwambia mtoto ndiyo, hilo ni deni.

Mimi nilidhani kufuga mbwa ni kumpa chakula basi. Nikamhamishia kwetu, nyumba iliyo karibu na njia ya kwenda kwenye mgao. Hapo ndipo shida ilianza. Bobi hakuweza kuona mtu amebeba gunia. Mtu akipita na gunia kichwani au kwenye baiskeli, anabweka mpaka mate yanamtoka. Vijana nao wakaanza kumtupia mawe, wanacheka. Nikamfunga kwa mnyororo mfupi kwenye nguzo, nikidhani nimemaliza tatizo. Kumbe nimeongeza. Mbwa mwenye hofu akiwa huru anaweza kukimbia. Ukimfunga pale ambapo watu wanampita karibu, umemwondolea njia ya kukimbia, umemwachia meno tu.

Halafu alianza kunguruma. Mtu akisogea, ananguruma. Mimi niliona haya mbele ya majirani: mwalimu gani hawezi kufundisha hata mbwa? Basi nikachukua fimbo. Kila akinguruma, nampiga. Baada ya kama wiki mbili akaacha kabisa. Watu wakipita ananyamaza kimya, anaangalia pembeni. Nilijisifu sana. Majirani wakasema, kweli Mwalimu amemweza.

Siku moja ya mgao mtoto wa jirani, wa miaka saba, alitumwa kwangu kuomba kiberiti. Begani alikuwa na gunia tupu. Alipita karibu na nguzo. Bobi alisimama, mwili ukakauka, akageuza uso pembeni, akajilamba midomo. Niliona yote hayo kwa macho yangu mlangoni na sikuelewa kitu. Hakunguruma. Alimrukia mtoto mara moja akamuuma paja.

Naomba hapa mnisikilize vizuri. Bibi mmoja alikuja mbio na jiwe jeusi ili aliweke juu ya kidonda, mwingine akasema tupake majivu. Bahati nzuri jirani mmoja aliyekuwa amefundishwa habari za afya alipiga kelele: "Hapana! Maji na sabuni!" Tulimwagia maji na kuosha kwa sabuni dakika 15 nzima, mtoto akilia, halafu tukambeba mpaka zahanati. Swali la kwanza tuliloulizwa: "Mbwa amechanjwa?" Sikuwa na kadi, sikuwa na jibu. Mtoto akaanzishiwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, akapewa tarehe za kurudi. Kila tarehe nilikwenda pamoja na mama yake. Ilinipasa.

Kichaa cha mbwa si mchezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote, 99 kwa 100, waliupata kutoka kwa mbwa. Katika watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini ukiosha kidonda haraka na kupata sindano kwa wakati, unazuilika. Jiwe halizuii, majivu hayazuii.

Bobi alifungiwa peke yake siku 10 ili aangaliwe. Mbwa anayeuma akiwa tayari na ugonjwa huo kwenye mate, ndani ya siku hizo kwa kawaida ataonyesha dalili au atakufa. Bobi alibaki mzima. Hakuwa na kichaa. Lakini kijiji kilikuwa kimeshakata shauri: auawe.

Tuliitwa kikao kwa mwenyekiti, sungusungu wakiwepo. Nilikuwa nimejitayarisha kumtetea, lakini nilipomwona yule mtoto amekaa na bandeji maneno yote yalinipotea. Aliyezungumza ni mama yake. Hakunitukana. Aliuliza tu: "Mwalimu, kwa nini ile imbwa haikutoa sauti? Imbwa inaanzaka kwanza kutoa sauti, mutu anakimbia."

Mzee mmoja, ambaye zamani huko Fizi alikuwa akiwinda na mbwa, akanigeukia. "Mwalimu, ulikuwa unaipiga wakati inanguruma?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi ni wewe uliinyamazisha. Ile sauti ilikuwa ya kutusaidia siye. Ile imbwa haiko mubaya, iko na woga."

Nilinyamaza. Fimbo yangu ilikuwa imemwondolea Bobi onyo, hofu ikabaki palepale ndani yake. Na deni lilimfikia mtoto asiye na kosa.

Kikao kilinipa masharti: Bobi achanjwe, nijenge uzio asikutane na wapita njia, siku ya mgao afungiwe ndani, na akiuma tena auawe nami nisiseme neno. Nilikubali. Nilimtafuta afisa mifugo akamchanja na kunipa kadi. Sasa kila mwaka narudia.

Baada ya hapo nilianza kujifunza kweli. Niliuliza yule mzee, niliuliza afisa mifugo, nilisoma kwenye simu. Nikajua kwamba mtoto wa mbwa hujifunza zaidi kuzoea watu na vitu kati ya wiki ya 3 na kama wiki ya 12 mpaka 14 ya maisha yake. Asichokizoea wakati huo anaweza kukiogopa akiwa mkubwa. Na akitupiwa mawe, hofu inazidi. Nikajua pia kwamba mbwa anasema kwa mwili kabla ya meno: mkia kuuficha chini ya tumbo, masikio kulala nyuma, kujilamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo wakati hana usingizi, weupe wa macho kuonekana, mwili kukauka. Hata kutikisa mkia si furaha siku zote. Bobi alikuwa ameniambia karibu yote hayo siku ile mlangoni.

Kisha nikakumbuka somo la shule ya sekondari juu ya Pavlov, yule mtaalamu wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Mbwa wake walizoea kusikia sauti fulani kabla ya kuletewa chakula, mwishowe wakisikia sauti tu mate yanatoka. Nikawaza: ikiwa sauti inaweza kumletea mbwa mate, je, gunia haliwezi kumletea Bobi jambo jema badala ya hofu?

Tulifanya hivi. Nilimfunga Bobi kamba ndefu, tukakaa ndani ya uzio. Kijana mmoja rafiki yangu alisimama mbali, kama hatua 40, ameshika gunia tupu. Bobi akiliona na bado ametulia, nampa kichwa cha dagaa. Gunia likifichwa, dagaa zinakwisha. Dakika tatu au nne tu, tunaacha. Kesho tena. Baada ya siku kadhaa tukapunguza, hatua 35, halafu 30. Akikauka mwili au akikataa dagaa, hatumpigi wala hatumfokei, tunajua tumesogea upesi mno, tunarudi nyuma. Siku moja nilikuwa na haraka nikaruka kutoka hatua 20 mpaka 10. Alibweka kama mwanzo, na kazi ya wiki mbili ikaharibika. Kosa lilikuwa langu.

Najua kuna msomaji anauliza: Mwalimu, chakula chenyewe hakitoshi watoto, wewe unampa mbwa? Swali hilo ni la haki, hata mama yangu aliniuliza. Sikumpa cha mtu. Nilimpa ukoko wa sufuria, vichwa vya dagaa na mifupa midogo laini ya samaki. Kipande kidogo kama ukucha kinatosha, kwa kuwa anachojifunza ni kwamba kipande kinakuja pamoja na gunia, si kwamba ashibe. Na kama nyumba haina hata hicho, basi ushauri wangu ni wazi: usichukue mbwa. Usimchukue kwa huruma halafu umfunge mnyororo na njaa.

Mambo haya yaliniingia mpaka darasani. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mlango ukipigwa na upepo anampiga aliye karibu naye. Mimi nilimwadhibu mara nyingi. Siku moja niliacha, nikamhamisha akae mahali anapouona mlango, nikaweka jiwe mlango usijipige. Sikuuliza alikotoka wala alichokiona, ataniambia akitaka. Mapigano yalipungua. Mtoto si mbwa, msinielewe vibaya. Ila mimi ndiye mtu yuleyule mwenye fimbo, na pande zote mbili nilikuwa nimefurahia kimya nikadhani ni utulivu.

Leo Bobi anaweza kuona mtu mwenye gunia hatua tano nje ya uzio akageuka kunitazama, anangojea dagaa. Hajapona kabisa, nisiwadanganye. Siku ya mgao, watu wakiwa wengi, bado namfungia ndani. Wale majirani walipopiga simu kutoka Marekani niliwaambia habari yote, pamoja na ile ya mtoto. Mdogo wao aliuliza kama Bobi anamkumbuka. Nikamwambia tunapopita ile nyumba yao ya zamani bado anavuta kamba.

Na jambo moja limerudi. Miezi michache iliyopita mgeni aliingiza mkono juu ya uzio, na Bobi akanguruma. Mgeni akatoa mkono haraka, akaomba radhi. Sikumpiga Bobi. Nilifurahi, jamani, kama mwalimu anayesikia mtoto bubu amesema neno.

Yule mtoto aliyeumwa kovu lake limebaki. Akipita kwetu anapita upande wa pili wa njia. Simwambii "usiogope", maana sababu anayo. Juzi alisimama palepale ng'ambo, akaniuliza: "Mwalimu, siku hizi inangurumaka?"

"Ndiyo, inanguruma."

Akafikiri kidogo. "Ni muzuri," akasema, akaendelea na safari yake.

Kabla sijaaga, wazazi, naomba msome haya pamoja na watoto wenu:

1. Usimsogelee mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa, au mwenye watoto wadogo.

2. Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie na usipige kelele. Simama kama mti, mikono kifuani, tazama chini, usimkazie macho. Akiondoka, nawe ondoka polepole.

3. Mbwa akinguruma, rudi nyuma. Mwenye mbwa, usimpige kwa kunguruma. Tafuta anaogopa nini.

4. Usimtupie mawe mbwa aliyefungwa. Leo unacheka, kesho atakayelipa ni mdogo wako.

5. Ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa, hata kidogo, hata kama ni mbwa wa nyumbani: osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyohiyo, na umalize sindano zote. Mtoto asifiche kwa kuogopa kugombezwa. Mwambieni mapema kwamba hatagombezwa.

6. Mwenye mbwa, mchanje na utunze kadi.

Ni hayo tu ndugu zangu. Kama una mbwa anayekusumbua, njoo nyumbani jioni baada ya masomo, tuzungumze. Ila ukifika kwenye uzio piga hodi kwanza, usiingize mkono.



Ni mimi, Mwalimu wenu wa kujitolea.