Akila, Prisila na Kofia ya Jirani

Sisi ni mume na mke, na tunakaa katika majumba marefu ya Michenzani, yale yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mmoja wetu ni mchungaji, mwingine ni mwalimu. Sote tulilelewa na watu wa kazi za mikono: baba wa mmoja alikuwa seremala, mama wa mwingine alikuwa fundi cherehani. Tulipokwenda vyuoni, kazi hizo tuliwaachia wazee.

Kilichoturudisha ni kabati la vitabu. Lilikuwa la unga wa mbao uliogandamizwa, na unyevu wa Unguja ulilivimbisha mpaka likaanguka. La mbao halisi lilikuwa juu ya uwezo wetu. Basi tukanunua mbao za mwembe, tukaazima randa, msumeno na patasi, tukaanza kukumbuka namna ya kuchonga ulimi unaoingia kwenye tundu bila msumari. Tulifanya kazi chini, karibu na ngazi, kati ya alasiri na magharibi. Watoto wetu walikuwa bweni huko bara, na jioni zetu zilikuwa zimekuwa za kimya, kila mtu na simu yake. Lakini ubao wa watu wawili hautaki kimya: "Shikilia. Sogeza kidogo. Basi, hapo hapo." Kwa maneno hayo madogo tukaanza tena kuzungumza.

Jirani yetu mmoja, bibi mjane, Mwislamu, alikuwa akisimama kututazama. Yeye huishi kwa kushona kofia za mkono. Kitambaa cheupe huchorwa nakshi, hutobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi. Kofia moja huchukua wiki nyingi. Ramadhani ilikuwa imeanza, kofia za watu hazijaisha, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Wanangu, vitundu sivioni tena," alituambia.

"Bibi, tufundishe, tutakusaidia," tukamjibu.

Mmoja wetu akashona, mwingine akatunga uzi. Kabla ya Idi kofia zikawafikia wenyewe, na bibi akalipwa fedha yake.

Habari ikafika usharikani. Mzee wa kanisa tunayemheshimu sana akatuuliza: je, ni sawa nyumba ya mchungaji kushona kofia itakayovaliwa msikitini? Hatukulichukulia swali hilo kwa wepesi. Katika kisiwa ambacho Wakristo ni wachache, washarika wana haki ya kuuliza mpaka wetu uko wapi.

Tukakaa naye, tukafungua Matendo ya Mitume 18. Paulo alikaa Korintho kwa Akila na Prisila kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja, nayo ni kushona mahema. Maandiko hayasemi ni nani waliolala katika mahema yale. Korintho ulikuwa mji wa biashara, wenye wasafiri wa dini nyingi, na waamini walikuwa wachache kama sisi. Hatusomi kwamba wanunuzi waliulizwa imani yao kwanza. Jina la Yesu lilihubiriwa wazi, na hema likashonwa lisivuje.

Martin Luther naye, mwaka 1527, alimwomba rafiki yake Wenzeslaus Link wa Nürnberg amtumie zana za kukerezea mbao, ili yeye na mtumishi wake wajifunze kujitafutia mkate kwa mikono yao endapo Neno halitawalisha. Naye alitufundisha kuwa hatununui wokovu kwa matendo. Tumeupokea bure kwa imani. Kwa hiyo matendo yetu yako huru kwenda kwa anayeyahitaji, na huyo ni jirani. Tunaye Kristo yule yule tuliyekuwa naye kabla ya kushika sindano ya bibi, na bibi anajua hivyo, kwa maana hutusikia tukiimba.

Mzee hakusema amekubali. Alinyamaza, kisha akauliza kama bibi ana mtu wa kumpeleka kwa daktari wa macho. Jumatatu iliyofuata tulikwenda naye Hospitali ya Mnazi Mmoja, mzee akiwa amemshika bibi mkono.

Wapendwa, huenda nyumbani kwenu kuna cherehani iliyofunikwa kitambaa au randa iliyoshika kutu. Itoeni, mfanye kazi wawili wawili. Mtakapoinua macho mtamwona jirani amesimama hapo, na pengine yeye ndiye aliyekuwa akingojewa.